UZI: Mwezi mmoja ndani ya Maktaba ya Newberry, Chicago, na kwa nini maombi yangu ya kwanza ya ufadhili yaligonga mwamba

Mpekuzi wa Nyaraka (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesomea uzamivu wa historia aliniletea andiko lake nilipitie kabla hajalituma Marekani kuomba ufadhili wa utafiti. Kurasa nne. Nilipofika mwisho nikahisi nimesoma andiko langu mwenyewe la miaka ile, lile lililokataliwa. Halina neno baya. Linaeleza uzito wa historia ya Waswahili, linataja pengo, linaahidi makala mbili. Ila hakuna mahali kijana ametaja hata kitu kimoja anachotaka kukifungua akifika. Nimeona nisimjibu peke yake, nilete hapa.

Mimi nafundisha historia katika chuo kimoja hapa nchini. Mwaka 2019 nilikaa mwezi mzima katika Maktaba ya Newberry, Chicago, kwa posho ya maktaba hiyo. Wengi nikiwatajia huniuliza ni maktaba ya chuo gani. Si ya chuo chochote, wala si ya serikali. Hapo ndipo utamu wake ulipo, kwa hiyo nianze na asili yake.

Walter Newberry alikuwa mfanyabiashara aliyenunua ardhi Chicago ilipokuwa bado mji mchanga. Mji ukakua, ardhi ikapanda bei, akatajirika. Mwaka 1868 alifariki melini akiwa safarini kwenda Ufaransa kuifuata familia yake, na inasimuliwa kwamba mwili wake ulirudishwa ukiwa umehifadhiwa ndani ya pipa la ramu. Katika wosia wake kulikuwa na kifungu kimoja: mabinti zake wawili wakifariki bila kuacha watoto, nusu ya mali ijenge maktaba ya bure kwa umma, upande wa kaskazini wa mji. Mary alifariki 1874. Julia akafuata 1876. Wote wawili hawakuwa wameolewa. Mama yao alipofariki 1885, kifungu kile kikaanza kufanya kazi, na mwaka 1887 maktaba ikaanzishwa kwa zaidi ya dola milioni 2. Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda. Rafu zote zile zimesimama juu ya nyumba iliyokosa wajukuu.

Vitabu vyake mwenyewe havimo. Moto mkubwa wa Chicago wa 1871 uliteketeza nyumba yake na vitabu vyake. Maktaba ilirithi fedha tu, kila kitabu kikatafutwa. Mkutubi wa kwanza, William Frederick Poole, ndiye aliyeanza kazi hiyo. Jengo la mawe lililosanifiwa na Henry Ives Cobb lilifunguliwa 1893, mwaka ule ule wa maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago. Mwaka 1982 likaongezwa jengo la ghala la ghorofa 10, halina dirisha hata moja, joto na unyevu wa ndani vinadhibitiwa mchana na usiku. Ukiwa nje unaona ukuta mtupu. Ndani mna takriban vitabu milioni 1.6, ramani laki kadhaa na kurasa za hati za mkono zinazohesabika kwa mamilioni.

Hawakukusanya kila kitu. Miaka ya 1890 maktaba za Chicago zilikubaliana kugawana kazi: ya umma ichukue vitabu vya watu wote, ya John Crerar ichukue sayansi, Newberry ibaki na historia, fasihi, lugha na muziki. Mpaka leo ndiyo njia yake. Vitabu haviazimwi nje. Unasomea hapo hapo. Lakini mlango uko wazi: kadi ya msomaji hulipii, na hawakuulizi kama wewe ni profesa. Siku yangu ya kwanza, meza ya jirani alikaa bibi mmoja akitafuta majina ya wazee wake kwenye kumbukumbu za Kampuni ya Pullman, ile ya mabehewa ya kulala. Wahudumu wa mabehewa yale walikuwa kwa sehemu kubwa Wamarekani weusi. Chama chao kiliundwa 1925 chini ya A. Philip Randolph, na ilichukua mpaka 1937 kampuni kutia saini mkataba nao. Makaratasi ya kampuni yako Newberry, na yule bibi alikuwa akiyafungua kwa haki ile ile niliyokuwa nayo mimi mwenye barua ya ufadhili.

Sasa, mtafiti wa historia ya Kilwa kama mimi anatafuta nini huko?

Tajiri mmoja wa Chicago, William B. Greenlee, alitumia miaka kukusanya vitabu vya historia ya Wareno na safari zao za baharini, akaikabidhi Newberry mkusanyo wake mwaka 1937. Yeye mwenyewe alikuwa mtafiti. Mwaka 1938 Hakluyt Society, chama cha London kinachochapisha masimulizi ya safari za kale, kilitoa tafsiri zake za taarifa za msafara wa nahodha Mreno Pedro Álvares Cabral, na msafara huo ndio uliotia nanga Kilwa Julai 1500, kisha Malindi Agosti. Moja ya taarifa hizo, ambayo mwandishi wake hakuacha jina, inasema nyumba za Kilwa ni ndefu kama za Hispania na mji una wafanyabiashara matajiri. Cabral na sultani, Amiri Ibrahim, walikutana majini, kila mmoja kwenye chombo chake. Hawakuelewana. Miaka mitano baadaye Mreno mwingine, Francisco de Almeida, alikuja na jeshi na mji ukatekwa na kuporwa.

Tangu shule ya msingi nilifundishwa kisa hicho kwa sentensi mbili. Pale mezani nilikuwa na masimulizi yake kwa Kireno, kwa Kiitaliano, na kazi za waliokuja kuyafasiri, nikiyalinganisha mstari kwa mstari. Zipo tofauti ambazo ukisoma kitabu kimoja tu huzioni kabisa: neno lililotumika kwa sultani, mpangilio wa salamu, zawadi gani ilitolewa na ipi ilikataliwa. Makala yangu yote imetoka kwenye tofauti hizo.

Na hapa ndipo kosa langu la kwanza linapoingia. Miaka mitatu kabla, niliomba kwenye maktaba nyingine, sitaitaja. Niliandika kwamba nachunguza "mahusiano ya Waswahili na Wareno katika karne ya 16". Nikakataliwa, na haki yao. Mtu akisoma sentensi ile hajui kwa nini niende kwake nisiende Lisbon. Mara ya pili nilifanya hivi. Kabla sijaandika hata aya moja, nilikaa wiki tatu ndani ya katalogi ya Newberry iliyoko mtandaoni. Nikatoka na vitu 14, kila kimoja na namba yake ya rafu. Nikaondoa vyote ambavyo tayari vimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni, maana hivyo naweza kuvisoma nikiwa nyumbani. Vikabaki 9. Nikamwandikia mkutubi barua pepe nikiuliza kuhusu viwili ambavyo maelezo yake yalikuwa mafupi. Alinijibu kwa kirefu, akanitajia kingine ambacho sikukiona. Andiko langu likajengwa juu ya vitu hivyo 10: hiki nitakisoma kwa sababu hii, kile nitakilinganisha na hiki, wiki ya kwanza hivi, ya pili hivi.

Mfumo wenyewe kwa kifupi. Kuna ufadhili wa muda mfupi, kwa kawaida mwezi mmoja, kwa walio na PhD au walio hatua ya kuandika tasnifu, wanaoishi nje ya Chicago. Kuna wa muda mrefu, miezi 4 hadi 9, kwa waliokwisha kupata PhD, na baadhi yake ulikuwa ukitegemea fedha za serikali ya Marekani ambazo zilikuwa na sharti la uraia au ukaazi wa miaka mitatu, kwa hiyo soma kila mfuko kivyake. Upo wa Frances C. Allen kwa wanawake wenye asili ya Wahindi Wekundu. Posho huhesabiwa kwa mwezi na kiasi kipo kwenye tangazo la mwaka husika. Ukipiga hesabu, weka nauli na chumba ndani ya posho hiyo hiyo.

Ulizeni, nitajibu.

---

Binti Msasani

Asante sana mkuu kwa uzi. Swali langu: chumba cha kusomea kikoje? Nimesikia wanakuvalisha glavu na huruhusiwi kupiga picha.

---

Mpekuzi wa Nyaraka

Dada, glavu ni kwa picha za kale na vitu vichache. Kwa karatasi wanataka mikono safi na mikavu, kwa sababu glavu inakuondolea hisia ya vidole na unaweza kuchana ukurasa. Mkoba na koti vinabaki kwenye kabati. Unaingia na penseli, laptopu na simu. Picha unapiga bila mwanga wa kamera. Kitabu kinalazwa juu ya mito ya sponji ili mgongo wake usivunjike. Mwaka 2018 waliondoa ada ya kutumia picha za mkusanyo wao, hata ukichapisha kitabu. Sisi tuliozoea kulipia kila ukurasa huko kwingine tunajua hilo lina maana gani.

---

Mzee wa Malindi Kongwe

Kijana wangu, umeandika vizuri. Umesema wosia, mimi nikasikia wakfu. Mtu anaifunga mali yake, haiuzwi wala hairithiwi, matunda yake yanakwenda kwa watu. Pwani yetu yote vitabu vya elimu vilikaa kwa njia hiyo. Katika misahafu na vitabu vya zamani unakuta mwandiko ukurasa wa kwanza: hiki ni wakfu, kisiuzwe. Msikiti wa Riyadha pale Lamu una hazina ya maandishi ya mkono, na mingi katika hiyo imepigwa picha kupitia mradi wa British Library. Hatukukosa wazo. Tulichokosa ni pato la kuendesha. Wakfu wa vitabu bila nyumba ya kupangisha nyuma yake, paa likivuja hakuna wa kulishona.

---

Mpekuzi wa Nyaraka

Shikamoo mzee. Umegusa penyewe. Newberry aliacha fedha, wadhamini wakaziwekeza, na wengine wakaja kuongeza juu. Edward Ayer alitajirika kwa kuuza mataruma ya reli, akatoa mkusanyo wake wa historia ya wenyeji wa Amerika mwaka 1911. Greenlee nimeshamtaja. Hata zile nafasi za ufadhili, nyingi zina jina la mtu aliyetoa fedha zake kwa shughuli moja maalumu. Tungekuwa na nyumba moja tu ya kupangisha Mtaa wa Kenyatta au Kariakoo iliyofungwa kwa ajili ya watafiti wa hati za Kiswahili, kila mwaka angekaa mtu mmoja Lamu au Unguja miezi mitatu akisoma. Nimeliwaza hili mara nyingi, na sijaacha kuliwaza.

---

Kisiki cha Mpingo

Mimi naomba nitofautiane. Mnasifia wakfu wa watu waliobeba vya wengine. Kwa nini Mtanzania apande ndege hadi Chicago kusoma habari za Kilwa? Na huyo Ayer, vitu vya Wahindi Wekundu alivipata vipi?

---

Mpekuzi wa Nyaraka

Swali la haki, mkuu, na nilikwenda nalo.

Kwa Kilwa: taarifa zile ziliandikwa na Wareno na Waitaliano, zikachapishwa kwao. Habari za wafalme wa Kilwa zenyewe zimefika kwetu kwa njia mbili. Moja ni muhtasari wa João de Barros, mwanahistoria Mreno, katika kitabu chake cha kwanza cha Décadas kilichotoka Lisbon 1552. Ya pili ni nakala ya Kiarabu ambayo Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa John Kirk, balozi wa Uingereza, na hiyo iko British Library. Nakala hiyo ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu ni maandishi yetu.

Kwa Ayer: mfano mkubwa ni Popol Vuh, masimulizi matakatifu ya Wak'iche' wa Guatemala. Padri Francisco Ximénez aliyanakili Chichicastenango mwanzoni mwa miaka ya 1700, safu moja Kik'iche', safu ya pili Kihispania. Maandiko aliyonakilia yamepotea, kwa hiyo mkono wake ndio wa zamani kuliko yote yaliyobaki. Padri wa Kifaransa, Brasseur de Bourbourg, aliyatoa Guatemala akaenda nayo Ufaransa, baadaye yakaingia kwa Ayer, kisha Newberry. Leo yapo mtandaoni, ukurasa kwa ukurasa, na tangu 1972 maktaba ina kituo cha masomo ya wenyeji chenye jina la D'Arcy McNickle, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa jamii hizo. Je, hayo yanatosha? Kwangu mimi picha mtandaoni si sawa na kitabu kuwa Guatemala. Nakiri hivyo bila kificho. Lakini nikisusa kuingia, atakayeisoma hati na kuisemea ni mtu mwingine, na mimi nitabaki kusoma alichokisema.

---

Kisiki cha Mpingo

Nimekuelewa. Bado sijakubali yote, ila nimekuelewa.

---

Muuguzi wa Evanston

Naishi huku miaka 11 sasa. Niongeze jambo moja kwa wanaohusika na Afrika: ukiwa Chicago usirudi bila kwenda Evanston. Chuo Kikuu cha Northwestern kina Maktaba ya Herskovits ya masomo ya Afrika, ilianzishwa 1954, na kwa maktaba zilizotengwa kwa Afrika peke yake inahesabiwa kuwa kubwa kuliko zote. Unapanda treni kuelekea kaskazini, bila kutoka kwenye mfumo ule ule wa treni za mji. Nimekuta humo magazeti ya Kiswahili ya miaka ya uhuru ambayo marehemu baba yangu alikuwa akiyasoma. Nililia nikiwa nimekaa kitini.

---

Mpekuzi wa Nyaraka

Dada, Mungu amrehemu mzee. Nilikwenda huko siku mbili. Msomaji wa ufadhili mfupi apange mapema siku zake za Newberry na siku zake za Herskovits.

---

Lulu ya Ngazija

Na viza?

---

Mpekuzi wa Nyaraka

Mimi niliingia kwa J-1, viza ya wageni wa kubadilishana elimu. Taasisi inayokualika ndiyo inayotoa fomu ya DS-2019 ya kuthibitisha mwaliko wako, kisha unalipia ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwaandikisha wanafunzi na wageni hao, kisha ubalozini. Lakini masharti kwa nchi zetu yamekazwa tangu nilipokwenda, kwa hiyo usikate tiketi wala usiombe likizo kazini kabla hujawauliza wao na ubalozi hali ilivyo mwezi huo. Na kama njia imefungwa, katalogi haijafungwa. Wakutubi hujibu barua pepe, na hati nyingi zimepigwa picha.

---

Nahodha wa Shangani

Kuna jambo wengi hawalijui kuhusu aina hii ya maktaba. Newberry ina ndugu zake. Library Company ya Philadelphia ilianzishwa 1731 na Benjamin Franklin na wenzake. American Antiquarian Society ya Worcester ni ya 1812. Kuna Huntington kule California na Folger mjini Washington. Tangu 1972 wana umoja wao, na wengi wao hutoa posho kwa watafiti.

Lakini kwa sisi wa Zanzibar, nyumba ya kugonga hodi ni Maktaba ya Phillips ya jumba la makumbusho la Peabody Essex, ambayo tangu 2018 iko Rowley, Massachusetts. Wafanyabiashara wa mji wa Salem ndio walioleta ile marekani, kitambaa cha pamba ambacho jina lake limebaki vinywani mwetu, wakarudi kwao na pembe, sandarusi na ngozi. Seyyid Said alitia saini mkataba na Marekani mwaka 1833, Edmund Roberts akiwa mjumbe wao. Balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, alifika Unguja 1837, na makaratasi yake yako kwenye maktaba hiyo: barua, shajara, hesabu za biashara. Humo wamo Jairam Shivji, aliyesimamia forodha ya Unguja, na watu wake, bei za vitambaa, malalamiko ya manahodha. Mtu akitaka kujua Forodhani ilikuwaje miaka ile, aanzie humo.

---

Kinda la Uzamivu

Shikamoo mwalimu. Mwenye andiko la kurasa nne ni mimi.

Nimesoma uzi wote tangu alasiri. Mada yangu ni biashara ya marekani Unguja kabla ya 1860, na nilikuwa naomba Newberry kwa sababu ndilo tangazo nililoliona. Nimepekua katalogi yao kama ulivyosema. Nimepata vitabu vya safari, ila karibu vyote vipo na kwingine. Nahodha, shikamoo na wewe. Sikujua kabisa kuhusu Rowley.

---

Mpekuzi wa Nyaraka

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kujitokeza.

Basi Newberry iache kwa mada hii. Si kosa lake wala lako, makaratasi yako hayapo pale. Fungua mwongozo wa mkusanyo wa Waters. Utaona umegawanywa kwa maboksi, na kila boksi limeelezwa kilichomo na miaka yake. Usiusome kwa haraka. Andika pembeni kila boksi lenye hesabu za vitambaa na kila lenye barua za kwenda kwa watu wa forodha. Halafu angalia kilichokwisha kuchapishwa, kwa sababu barua nyingi za wafanyabiashara wale zimeshatolewa vitabuni, na huwezi kuomba nauli ya kwenda kusoma kitu kilichopo maktaba ya chuo chetu.

---

Kinda la Uzamivu

Nimeufungua sasa hivi. Kuna barua, kuna shajara, kuna madaftari ya hesabu. Niandike madaftari yote au nichague?

---

Nahodha wa Shangani

Chagua. Chukua miaka yake ya mwanzo Unguja, kuanzia 1837. Ndipo anajifunza bei na anaandika kila kitu.

---

Mpekuzi wa Nyaraka

Msikilize Nahodha. Andika namba za maboksi kwenye karatasi moja, na mbele ya kila namba mstari mmoja: unatafuta nini humo. Jumatatu saa nne niletee ofisini karatasi hiyo peke yake. Lile andiko liache nyumbani.